Laki nne, springi ya Hilux: nikate chuma cha visu kwa msumeno upi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, niko Mafinga. Jumamosi na Jumapili natengeneza visu vya jikoni, si biashara, napenda tu. Chuma changu ni springi za gari (nina moja ya Hilux hapa) na misumeno ya mviringo iliyochakaa kutoka viwanda vya mbao. Mpaka sasa nakata kwa msumeno wa mkono. Bledi tatu zinakwisha kabla sijapata umbo la kisu kimoja, na bega linauma hadi Jumatano. Nimetenga laki nne. Nichukue grenda, jigsoo, bendisoo ya mkononi, au ile mashine ya diski kubwa ya mafundi mageti? Halafu jirani ana bendisoo ya mbao, anataka kuniachia kwa hizo hizo laki nne. Nishauri.

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na jirani, maana yeye anaweza kuzichukua hizo laki nne kabla hujafika katikati ya jibu langu. Mwambie asante, usinunue.

Wewe ni mwalimu, tupige hesabu. Bendisoo ndogo ya mbao ina gurudumu la kipenyo cha milimita 350 hivi, na gurudumu hilo huzunguka kama mara 850 kwa dakika. Mzingo wake ni mita 1.1. Kwa hiyo bledi inakimbia zaidi ya mita 900 kila dakika. Chuma cha visu, tena kikiwa kimeshalainishwa, kinataka bledi iende mita 25 hadi 45 kwa dakika. Ukikipeleka kwenye mashine ya jirani utaona cheche, utasikia mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa, na meno ya bledi yatakuwa ya bluu kabla hujaingia milimita tano. Atatokea mtu akwambie ubadilishe puli tu. Kushusha kasi mara ishirini na tano au thelathini si kazi ya jozi moja ya puli. Unahitaji gia boksi, au mhimili wa kati wenye puli za ziada, na ukishalipia hivyo vyote umevuka bei ya mashine ya chuma.

Sasa hizo bledi tatu kwa kisu kimoja. Hapo ndipo nilipoacha kufikiria mashine, nikaanza kufikiria chuma chako. Nadhani unakata springi kama ilivyotoka kwenye gari.

Springi haikutengenezwa iwe laini. Chuma chake, kwa springi nyingi, ni cha jamii ambayo Wamarekani wanaiita 5160 na Wajapani SUP9: kaboni kama asilimia 0.6, na kromu kidogo isiyofika asilimia moja. Kiwandani kimekomazwa kwa moto na mafuta kisha kikapunguzwa ukali kidogo ili kipinde bila kuvunjika. Ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell C unacheza kwenye arobaini na kitu. Jino la bledi ya kawaida ni gumu kuliko hapo, lakini si kwa tofauti ya kutosha. Linateleza badala ya kuuma, na kila likiteleza linajisaga lenyewe. Misumeno ya viwandani nayo ni hivyo hivyo, imekomazwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza msumeno upi, jiulize unachokata kikoje. Vifaa vyote ulivyovitaja viko kambi mbili. Kuna vya meno: msumeno wa mkono, jigsoo, bendisoo. Hivi vinashindana na ugumu wa chuma, na chuma kikiwa kigumu vinashindwa. Halafu kuna vya punje: grenda na mashine ya diski kubwa. Diski ni punje za mawe magumu zilizogandishwa kwa gundi, na punje hizo haziulizi chuma kimekomazwa au hakikukomazwa. Zinasaga tu. Ukilielewa hilo, nusu ya swali lako imejijibu.

Kulainisha springi hakuhitaji hata senti. Unahitaji mkaa, kipulizia (hata kile cha kukaushia nywele, au mvukuto), sumaku uliyoitoa kwenye spika mbovu, na ndoo ya majivu makavu. Kata kwanza kipande cha urefu unaoutaka. Kiweke kwenye moto mpaka kiwe chekundu sawasawa urefu wote, kisha kigusishe sumaku. Ikiendelea kunata, rudisha. Ikiacha kunata uko kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi, ongeza wekundu kidogo tu, subiri dakika chache joto liingie hadi moyoni, halafu kizike kwenye majivu ukiache hadi asubuhi. Usikichungulie. Ile kromu kidogo niliyoitaja inafanya chuma hiki kikubali kukomaa hata kwa upepo kikiwa chembamba, na baridi ya Mafinga ya mwezi wa Juni haihitaji kukaribishwa. Majivu yakiwa na unyevu umeharibu kazi. Mimi huwa naweka kipande kingine kikubwa cha chuma chekundu pembeni yake ndani ya ndoo, ili kipoe polepole zaidi. Asubuhi pitisha tupa. Ikiuma na kutoa unga, umefaulu. Ikiteleza kama juu ya kioo, rudia.

Fanya hivyo kwanza, kisha rudi kwenye msumeno wako wa mkono uone. Huenda bega likapona bila laki nne. Angalia na meno pia: bledi inatakiwa iwe na meno matatu au zaidi ndani ya chuma wakati wote. Bledi ya meno 18 kwa inchi ina jino kila milimita 1.4, hivyo kwenye springi ya pikapu ya milimita 7 unapata meno manne au matano. Sawa kabisa. Ukiipeleka bledi hiyo hiyo kwenye bamba la msumeno wa mbao la milimita 2.5, ni jino moja au mawili tu yanayobeba kazi yote, na yanavunjika. Hapo chukua ya meno 32. Meno yaelekee mbele, na usiende mbio. Vuta na sukuma mara arobaini au hamsini kwa dakika zinatosha, tena wakati wa kurudi usibonyeze. Walimu huwa mna haraka ya kumaliza silabasi, najua.

Lakini umeomba mashine, na laki nne zako zipo. Mimi ningekuwa wewe ningenunua grenda ndogo.

Ndogo, yaani ya inchi nne na nusu (milimita 115) au inchi tano (125), wati 800 hadi 1,000. Ile kubwa ya inchi tisa mwachie fundi wa reli na nondo. Diski yake ni nene, inakula chuma kingi, na ikikurushia nyuma hutaishika. Chunguza pia shimo la diski. Madukani kuna grenda nyingi za inchi nne ambazo diski zake zina shimo la milimita 16, wakati za 115 na 125 zina shimo la milimita 22. Watu wananunua mashine, wanarudi nyumbani na boksi la diski zisizoingia, kisha wanaanza kutanua shimo kwa tupa. Usije ukafanya hivyo hata siku moja. Ukipata yenye swichi ya kubana, inayozima ukiachia mkono, ongeza hela uichukue. Na hakikisha kaboni (vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zinabadilishwa kwa nje kwa bisibisi, maana ndizo za kwanza kuisha.

Siri ya grenda iko kwenye diski kuliko kwenye mashine. Nunua za kukatia za unene wa milimita 1 au 1.2. Tofauti yake na ile ya milimita 3 utaisikia mkononi: nyembamba inapita kama kisu kwenye papai, nene inapiga kelele na kukipasha chuma moto. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya diski kuna mwezi na mwaka. Huo ni mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe, kwa sababu gundi inayoshika punje huchoka, na unyevu huichosha mapema zaidi. Muuza duka akikupunguzia bei, geuza diski usome pete.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Tulikuwa na karakana Dar es Salaam, diski zikikaa kwenye rafu chini ya bati linalovuja. Siku moja nimechukua moja, haina ufa, haina alama, nikaifunga, nikawasha, nikagusa chuma. Ikapasuka vipande vitatu. Kimoja kiligonga kava la grenda na kuliacha na mkunjo, kingine kilichana aproni yangu ubavuni kama wembe. Grenda ya 115 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wa diski unakwenda mita 66 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 238 kwa saa, na hakuna basi la Mbeya linalofika huko hata dereva akiwa na haraka. Kava lisingekuwepo nisingekuwa ninakuandikia. Kwa hiyo kava halitolewi, hata kama fundi wa mtaani kwenu amelitoa na yuko hai.

Kingine, kwa kuwa uko Mafinga. Najua huko mtu anaweza kufunga diski ya mbao yenye meno kwenye grenda akaranda nayo. Hiyo imeshachukua vidole na zaidi ya vidole. Grenda haikuundwa kwa meno. Halafu maranda: cheche za grenda zinaruka mita kadhaa, na mji wenu umejaa unga wa mbao. Fagia, weka ndoo ya maji au mchanga, na ukimaliza kazi rudi baada ya nusu saa ukanuse. Unga wa mbao huungua kimya kimya muda mrefu kabla ya kuwaka.

Swali linalofuata najua utaliuliza: grenda inakata mstari ulionyooka, kisu kina mviringo, nafanyaje? Chora kisu kwenye chuma kwa kalamu ya rangi, kisha chora mstari wa pili nje yake, milimita mbili. Huo wa nje ndio wako. Funga chuma kwenye jiliwa (vaisi, kama tunavyosema gereji), sehemu unayoikata ikiwa karibu na taya ili isitetemeke. Pitisha diski kwanza kwa kugusa tu, uache mfereji mwembamba urefu wote wa mstari. Pita tena, ingia zaidi. Usilazimishe na usipindishe. Kwenye mkunjo wa tumbo la kisu kata vipande vingi vifupi vilivyonyooka, kila kimoja kikigusa mstari wa nje, kama unavyomenya embe kwa vipande. Pale panapoingia ndani, mathalani nyuma ya kisigino cha kisu, piga mikato mingi sambamba inayoishia kwenye mstari, halafu vunja vijiti vilivyobaki kwa koleo. Kinachobaki ni meno meno ambayo tupa inamaliza.

Zile milimita mbili zina sababu. Pembeni mwa njia ya diski chuma kinapata moto mkali na kupoa ghafla, kwa hiyo ngozi nyembamba inaweza kukomaa yenyewe hata kama ulishalainisha. Ukikata juu ya mstari wenyewe, tupa itateleza hapo hapo unapoihitaji.

Jambo la kukumbuka kuliko yote ukiwa na grenda ni njia ya mkato isijifunge. Kipande kinachokatwa kikishikiliwa pande zote mbili, mwishoni kinalegea, kinabana diski, na mashine inakurukia. Shika upande mmoja tu, upande mwingine uachwe udondoke. Simama pembeni, usisimame kwenye mstari wa diski. Vaa miwani ya kinga na juu yake ngao ya uso. Masikio pia, na kitu cha kuziba pua, maana lile vumbi ni chuma na gundi. Ukiwa na mtandio, tai au kamba ya kitambulisho shingoni, ivue.

Bendisoo ya mkononi? Hiyo ndiyo ninayoipenda, na ndiyo unayopaswa kuiwekea akiba. Kwa kawaida inauzwa mara kadhaa ya bei ya grenda ndogo, kwa hiyo laki nne zitabanwa. Nzuri zina kitufe cha kupunguza kasi, kuanzia kama mita 30 hadi 115 kwa dakika, na hiyo mita 30 ndiyo yetu. Haina cheche, haina moto, jirani halalamiki. Wapenda visu wa Marekani wanaifunga kichwa chini kwenye kimeza cha chuma, bledi ikitokea juu kupitia mpasuo, na hapo unasukuma chuma kwa mikono miwili kufuata mstari kama cherehani. Bamba la milimita 6 na fundi wa kuchomelea vinakutengenezea kimeza hicho Mafinga hapo hapo. Usibane kitufe chake kwa kamba ya plastiki ukaiacha iwake moja kwa moja. Weka swichi ya mguu. Na hapo usivae glovu, bledi ikikamata kitambaa inavuta na kidole.

Siku ukienda kuinunua, uliza bledi kabla ya mashine. Zile kubwa nyingi zinatumia bledi ya milimita 1,140, ndogo zinatumia fupi zaidi. Kama muuzaji hana bledi za akiba wala hajui zinapatikana wapi, hiyo mashine ni pambo. Chukua za metali mbili, zile ambazo ukingo wa meno ni chuma kigumu kilichounganishwa na mgongo laini. Za kaboni tupu ni rahisi, na zinakufa siku hiyo hiyo. Bledi mpya ianze taratibu, bila kukandamiza, dakika chache za kwanza. Meno mapya ni makali mno, ukiyabonyeza yanavunjika ncha. Nta ya mshumaa kidogo kwenye bledi inasaidia. Na usianzie kwenye kona kali ya springi.

Ukikutana na ya mtumba, soma kibao chake. Mashine za maeneo ya ujenzi Uingereza ni za volti 110, nyingi rangi ya njano na plagi ya njano yenye pini za mviringo. Za Marekani ni 120, za Japani 100. Ukiichomeka kwenye 230 yetu, itatoa moshi mbele ya macho yako. Muuzaji atasema badilisha plagi tu. Mrudishie.

Jigsoo, kama unayo tayari, itakata bamba la milimita 2 au 3 lililolainishwa: kasi ya chini kabisa, ile hatua ya kuyumbisha bledi iwe sifuri, bledi ya chuma, na tone la mafuta. Kwa springi ya milimita 7 utatetemeka meno. Usiinunue kwa kazi hii. Mashine ya diski kubwa (ya milimita 355) inakata kwa kunyooka tu, inakula wati 2,000 na zaidi, na wewe unataka umbo la kisu. Mara moja moja ukitaka kukatisha springi nzima, mpelekee fundi mageti na hela ya soda.

Kwa hiyo laki nne nazigawa hivi. Grenda ya kampuni inayojulikana, yenye vipuri, isizidi theluthi moja ya pesa. Theluthi nyingine jiliwa ya chuma cha kweli, ya taya za inchi nne au tano, ifungwe kwenye meza isiyosogea. Watu wanaiona jiliwa kama anasa, kumbe mikato mingi iliyopinda na diski nyingi zilizopasuka zinaanzia kwenye chuma kilichoshikwa kwa mguu. Kinachobaki: diski kumi za milimita 1, ngao ya uso, vizibo vya masikio, bledi nzuri za msumeno wa mkono, na waya wa kurefusha umeme ulio mnene, kwa sababu waya mwembamba unashusha volti na kuipasha moto mota. Chenji iwe mwanzo wa mfuko wa bendisoo.

Halafu ile misumeno chakavu. Kwa kisu cha jikoni mimi ningeanza nayo hiyo kabla ya springi. Kisu chako kinahitaji unene wa milimita 2 hadi 3, na springi ya milimita 7 usipoipiga kwenye fuawe utaisaga hadi Krismasi. Tafuta bamba la kizamani ambalo meno yametokana na chuma chenyewe. Yale yenye vipande vidogo vigumu vilivyobandikwa kwenye ncha, mwili wake mara nyingi hauna kaboni ya kutosha kushika makali. Hata la kizamani usiliamini kabla ya kulijaribu. Kata kwa grenda kipande cha upana wa kidole. Kipashe moto hadi sumaku iache kunata, ongeza kidogo, kichovye kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa vuguvugu. Kikipoa pitisha tupa ukingoni. Tupa ikiteleza, kifunge kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa, kipige nyundo: kinapaswa kuvunjika kwa mlio mkavu, na ndani uone rangi ya kijivu laini kama kauri iliyopasuka. Kikipinda badala ya kuvunjika, bamba lote hilo litafaa kwa majembe ya bustani, na utakuwa umepoteza nusu saa na robo ya diski.